Siku Jengo Lilipomwamkia Mzee Kalolo

1

"Kalolo! Mjukuu wa waliokimbia! Unaficha nini chini ya koti?"

Mzee Kalolo alisimama pale pale kwenye mlango mkubwa wa jengo, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ilikuwa saa moja asubuhi, mwezi wa sita, na Makambako mwezi wa sita si mahali pa kusimama mlangoni. Aliinua macho akautazama ukuta uliosema.

"Mkoba wangu," alisema.

"Mkoba unaotoa moshi? Hilo ni jiko la mkaa. Unalipeleka chumbani, ufunge madirisha, ulale, usiamke. Haya. Mimi msibani nitakuja. Nyama nitakula yote na kulia sitalia. Tena kaburini nitaingia mimi kwanza, nilale humo mpaka wanao wanilipe jogoo ndipo nitoke."

"Mngoni wewe!" Mzee Kalolo alianza kutikisika, si kwa baridi. "Babu zako walikuja kwetu kuiba ng'ombe, wakaondoka na kwato!"

"Na babu yako aliyebaki na ng'ombe, mbona alikuwa juu ya mti?"

Watu waliokuwa wakishuka kwenda kazini walishika mbavu. Mama mmoja alikaa kwenye ngazi akashindwa kuinuka. Mzee Kalolo mwenyewe alicheka mpaka koti likafunguka na jiko likaonekana, jekundu, limekolea. Akageuka, akaumwaga mkaa kwenye mchanga wa nje, akarudi akijifuta machozi.

"Ngonyani," aliniambia, maana nilikuwa nimesimama hapo na spana yangu, "huyu mtoto wako hana adabu."

"Hana, mzee."

"Usimfundishe."

Mimi ndiye Osmund Ngonyani, fundi wa jengo hilo. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo mambo ya mitambo nitayaeleza kama ninavyoyajua mimi.

Jengo letu lina ghorofa sita na familia arobaini. Ni katika yale yanayoitwa majengo hai. Ndani ya zege kuna nyuzi nyembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu, zinazohisi uzito, joto, unyevu na gesi. Zinapeleka habari kwenye ubongo ulioko chumba cha mitambo, chini ya ardhi. Ubongo wenyewe ni sanduku la ukubwa wa friji. Huko huko chini kuna tangi linalochachusha maganda ya viazi na vya chooni mpaka vitoe gesi, na gesi inapanda kwenye mabomba hadi kila jiko. Mabomba yote yamepita ndani ya shimo moja lililosimama wima toka chini mpaka juu, na kule juu, kwenye ukuta wa ukumbi wa ghorofa ya sita, kuna tundu la hewa linalotoboka hadi nje. Kila bomba duniani linavuja kidogo. Gesi inayovuja inapanda shimoni, inatokea tunduni, upepo unaichukua. Likumbuke hilo tundu.

Jengo lilipofunguliwa lilikuwa na sauti ya kiwandani, sauti ya dada mpole. "Mpendwa mkazi, tafadhali zingatia kwamba bomba la jikoni kwako linahitaji kuangaliwa." Watu walimwita Dada Tafadhali. Walimzoea kama unavyozoea mvua kwenye bati. Alimwambia jirani wa ghorofa ya tatu habari za bomba lake mara mia nne na kumi, nimehesabu mwenyewe kwenye kumbukumbu za mtambo, na bomba likapasuka. Mama mmoja na mwanawe walizimia kwa moshi wa mkaa huku Dada anawapendekezea wafungue dirisha. Tuliuvunja mlango wakiwa bado wanapumua, lakini mtoto yule mpaka leo anasahau majina ya watu.

Dawa yake niliijua kwa sababu ya kidole changu.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kiwanda cha mbao. Ukutani palikuwa na bango: Tafadhali, usiguse msumeno bila kuuzima. Sikuwahi kulisoma hadi mwisho. Aliyenilinda mimi alikuwa Mhehe mmoja kama Mzee Kalolo, Chengula, mtani wangu, maana Wangoni na Wahehe tulipigana zamani na sasa tunatukanana kwa ruhusa. Kila nikisogeza mkono alipiga kelele, "Mngoni, vidole unaviuza? Nani atanunua, vimepinda!" Kiwanda kizima kinacheka, mimi naona haya, nazima msumeno. Miaka minne sikupata hata mkwaruzo. Chengula akaenda kwao kuzika siku tatu. Siku ya pili, kidole cha shahada cha kushoto kikabaki kwenye vumbi la mbao. Bango lilikuwepo.

Basi nikaufundisha ubongo wa jengo utani. Nilitumia majuma matatu na wazee wanne, Wangoni kwa Wahehe, tukakaa chumba cha mitambo tukitukanana na mtambo unasikiliza. Ulipojibu tusi la kwanza wenyewe, nikamzima Dada Tafadhali. Sikuomba ruhusa ya mtu. Miezi minane baadaye hapakuwa na bomba bovu hata moja, na kwenye ngazi hapakuwa na baiskeli, ndoo wala magunia. Mtu anaambiwa na dada mpole, anapuuza. Mtu akitukanwa na mtani mbele ya majirani, anaita fundi kabla ya chakula cha mchana.

2

Jumatano akaja mkaguzi wa Idara ya Majengo, Bi. Tulinagwe Mwaisaka. Mwanamke mrefu, viatu vinang'aa, daftari mkononi. Alipoingia tu jengo likamwambia, "Karibu mama, hivyo visigino vyako virefu, ngazi zangu ni za miguu ya watu, si ya korongo. Shika kishikio."

Alishika kishikio cha ngazi. Mimi nikajifanya nakohoa.

Tulipanda mpaka ukumbi wa ghorofa ya sita. Huko kamati ya sherehe ilikuwa inapamba. Jumamosi Mzee Kalolo, ambaye pia ni mwenyekiti wa wakazi na wa kamati hiyo, alikuwa anamuaga binti yake Edda anayeolewa. Baridi ya lile tundu ilikuwa inaingia ukumbini kama mtu asiyealikwa, kwa hiyo tangu Jumatatu kamati ilikuwa imechomeka humo blanketi zima.

"Haya, nani tena kaja kunishika pua?" jengo likauliza tuliposogea. "Nani kanivika blanketi? Ninyi Wahehe mmezoea kulala na mbuzi, mkadhani na mimi nasikia baridi? Nitapumulia wapi, masikioni?"

Wanakamati walianguka kwenye viti. Mmoja akaniambia kwamba watu wanaleta wageni kutoka mjini waguse blanketi, maana kila ukiligusa tusi linakuwa jipya. Jana walikuja hata watu wa kwaya.

Nilicheka. Bi. Tulinagwe hakucheka.

"Fundi Ngonyani, kanuni inasema sauti ya usalama iwe ya heshima na isitaje kabila la mtu."

"Mama, angalia daftari langu. Miezi minane, ajali hakuna."

"Nimeliona. Ni zuri. Hilo blanketi lina siku ngapi hapo?"

"Mbili."

"Limetukanwa mara ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole, vikaniishia.

"Mimi nitakwambia kinachonitisha," alisema, na sasa hakuongea kama daftari. "Dada wenu hakuna aliyemsikiliza. Huyu wanamsikiliza sana. Wanamsikiliza mpaka wanaliacha tatizo ili waendelee kusikiliza. Anayecheka hajaogopa, fundi. Siku ya kuogopa itakuwaje?"

"Watatoka tu."

"Kwa nini watoke? Wao watajuaje kwamba leo si mzaha?"

Akaandika. Jumamosi saa nane mchana atakuja mwenyewe, tutamtoa huyu mtani, Dada arudi. Nikikataa, leseni yangu inakwenda na jengo linafungwa mpaka apatikane fundi mwingine. Familia arobaini, kwenye baridi ile. "Na blanketi litolewe leo," akamalizia.

Nilisema ndiyo. Alipoondoka kamati ikaniomba, fundi, tutaganda, liache mpaka sherehe ipite. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Niliacha. Nilisimama hapo, nikaligusa na mimi, nikasikia langu: "Ngonyani, vidole tisa vyote hivyo, umeshindwa kuvuta shuka?" Nikashuka ngazi nacheka peke yangu.

3

Jumamosi nilivaa suti. Asubuhi, nilipokuwa nakagua tangi, jengo liliniambia, "Mjomba, siku ya tano hii nimezibwa pua. Leo nitapiga chafya, na chafya yangu si ya kuambiwa afya." Nikaliambia lipige tu, leo ni siku ya furaha.

Saa nane kamili Bi. Tulinagwe aliteremka chumba cha mitambo. Juu ngoma zilikuwa zinapigwa mpaka vumbi linadondoka darini. Kazi yenyewe ni fupi: sauti inahamishwa kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye kidonge cha chuma, kidogo kama kikopo cha ugoro, kisha kidonge kinapigwa lakiri ya nta ya Idara. Akakipiga lakiri, akakitia mfukoni. Nilijisikia kama nimezika mtu nikiwa nimevaa suti ya harusi.

Dada Tafadhali akaamka.

"Mpendwa fundi," akasema, "tafadhali fahamu kwamba gesi iliyo chini ya dari ya ukumbi wa ghorofa ya sita imefikia asilimia nne na nusu. Ikifika tano, cheche moja inatosha kulipua. Asante kwa ushirikiano wako."

Kwanza sikuelewa, jinsi alivyosema vizuri. Halafu nikaelewa vyote kwa mkupuo mmoja. Blanketi. Siku tano. Majiko yote arobaini yanapika kwa ajili ya sherehe, mabomba yamejaa, gesi inavuja kidogo kidogo na haina pa kutokea isipokuwa ukumbini. Tunaitiaga harufu ili watu waitambue, lakini nani angeinusa kwenye pilau na marashi ya watu mia na hamsini? Na jengo liliniambia. Liliniambia asubuhi ile ile, nikacheka.

Nilifunga koki kuu. Hilo lilizuia gesi mpya, lakini iliyoko juu ilikuwa juu. Kwenye kioo cha mtambo nikaona ukumbi: madirisha yamefungwa, keki ya ngazi tatu, na juu ya keki fataki tisa zile zinazotema nyota. Mshereheshaji amesimama karibu, kiberiti cha gesi kinachezacheza mkononi. Ratiba ilibandikwa mlangoni kwangu: keki, saa nane na nusu. Saa yangu ilisema nane na ishirini na mbili.

Lifti ingetoa cheche. Mimi nina miaka hamsini na mbili na kilo mia. Ngazi za ghorofa sita ni dakika saba nikifika mzima. Simu za wageni zote zilikuwa kwenye kapu mlangoni, amri ya mama wa bibi harusi, watu wasipige picha.

"Waambie watoke," Bi. Tulinagwe alimwamuru Dada.

"Wapendwa wageni," tukamsikia Dada juu, kati ya ngoma, "tafadhali mnaombwa kuzingatia..."

Ukumbi mzima ukapiga kelele. "Dada Tafadhali amefufuka!" mshereheshaji akapaza sauti. "Mpigieni makofi, halafu mwambieni akae!" Wakampigia makofi. Wakaongeza ngoma.

Bi. Tulinagwe alinishika mkono. "Aseme moto. Apige ukelele, moto, moto."

"Hakuna moto."

"Kutakuwepo!"

"Mama, ngazi ni moja. Watu mia na hamsini, watoto wamo, Bibi Malita ana miaka tisini. Ukisema moto watakanyagana. Hao tutawaokota kwenye ngazi."

"Basi nini? Huyo wako akirudi atatukana, watacheka!"

"Atatukana, ndiyo," nilisema. Na hapo ndipo nilipomkumbuka baba yangu.

Nilikuwa na miaka kumi alipofariki babu. Mtani wetu wa Kihehe alikuja mazishini, akaingia kaburini akalala, akasema hapa pazuri, mzee wenu mkamzike kwingine. Watu walicheka huku wanalia. Tukamtoa kwa jogoo. Kesho yake mtani yule yule alirudi nyumbani kwetu. Hakupiga kelele getini. Alivua kofia, akamsogelea baba, akasema, "Shikamoo, baba." Basi. Baba hakumjibu. Alikaa chini mavumbini, akashika kichwa, kabla hajaambiwa kitu. Baadaye ndipo mtani akasema kwamba na baba mdogo, aliyekuwa njiani kuja kuzika, amefia barabarani.

"Nipe kidonge," nilimwambia Bi. Tulinagwe.

Saa nane na ishirini na nne. Aliingiza mkono mfukoni, akakitoa, akakitazama. Lakiri ile akiivunja yeye, kazi yake nayo imevunjika, alijua na mimi nilijua.

"Utamwambia aseme nini?"

"Nitamwambia awaamkie."

Yeye ni Mnyakyusa, na kwao pia wana watani. Aliniangalia kama sekunde mbili hivi. Kisha akaivunja lakiri kwa meno.

4

"Nani kanilaza mchana?" jengo likaamka. "Ngonyani, suti hiyo ulishonewa au ulivalishwa ukiwa..."

"Nyamaza. Sikiliza. Mwamkie Kalolo na wazee. Kwa heshima yote. Utani hata neno moja usiseme, mpaka nikuruhusu."

Mtambo huwa haufikiri kwa muda unaoweza kuusikia. Safari hii niliusikia.

"Hali ni mbaya hivyo?"

"Ni mbaya hivyo."

Kwenye kioo, Mzee Kalolo alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, glasi mkononi, akicheza na dada zake. Sauti ikatoka kwenye ukuta, ile ile ya kila siku, lakini taratibu.

"Shikamoo, Mzee Kalolo."

Aliacha kucheza. Mguu mmoja ulibaki hewani kidogo, halafu ukashuka. Dada zake wakaacha. Mpiga ngoma wa kwanza akaacha, wa pili akapiga mara moja zaidi, akaacha.

"Shikamoo, Bibi Malita. Shikamooni wazee wote. Naombeni radhi kwa yote niliyowahi kusema. Gesi imejaa juu ya vichwa vyenu. Naomba mshuke kwa ngazi, taratibu, wazee na watoto mbele. Msiwashe kitu. Msizime kitu."

Hakuna aliyeitikia. Kisha Bibi Malita, mama yake Kalolo, kutoka kwenye kiti chake pembeni, kwa sauti ya bati lililochanika:

"Mngoni ametuamkia! Hamkusikia? Wewe mwenye kiberiti, kiweke chini kabla sijakuzaa upya! Inukeni!"

Mzee Kalolo alimfuata mshereheshaji, akakitoa kiberiti mkononi mwake, akakitia mfukoni. Akamnyanyua mama yake. Akatangulia naye.

Sisi tukaanza kupanda. Tulikutana nao ghorofa ya pili. Sijawahi kuona watu mia na hamsini wakishuka ngazi hivyo, mkono begani kwa aliye mbele, bila hata mmoja kusukuma. Jengo lilikuwa linawasindikiza. "Pole, mama, kidato hiki kina ukingo. Ahsante, baba. Bibi harusi, nakuomba uinue gauni." Watu wazima walikuwa wanalia machozi kimya kimya kwa kuambiwa ahsante.

Bi. Tulinagwe alinipita ghorofa ya nne, viatu mkononi. Nilipofika ukumbini natafuta roho yangu, alikuwa amefungua madirisha sita na anapambana na la saba. Nikaenda kwenye tundu. Nikalishika blanketi kwa vidole vyangu tisa, nikalivuta. Lilikuwa limekaza. Nikalivuta tena, nikaanguka nalo chali, na upepo wa Makambako ukaingia ukumbini wote kwa pamoja, ukapeperusha mapambo, ukaiangusha ngazi ya juu ya keki.

"Ahsante sana, fundi," jengo likasema.

Nywele zilinisimama.

Saa kumi gesi ilikuwa imekwisha. Pilau lilishushwa kwa ndoo, na Edda akaagwa uani, watu wamejifunika mashuka na mapazia, wanacheza ngoma ili wasigande. Keki ililiwa na upande mmoja umebonyea. Fataki nilizitia kwenye pipa la maji mwenyewe. Blanketi alipewa Bibi Malita, akajifunika nalo mpaka mwisho wa sherehe, akisema hili sasa lina historia.

5

Jumanne Mzee Kalolo alikuja chumba cha mitambo. Macho mekundu, koti la nje, viatu miguuni. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Ngonyani, mtoto wako ananiua."

"Kafanya nini, mzee?"

"Ananiamkia! Jana asubuhi natoka bafuni, nina taulo tu, naambiwa shikamoo. Nilikimbia mpaka barabarani. Na taulo. Siku tatu nalala na viatu. Mama yangu kahamia kwa dada yangu. Mwambie anitukane."

Nilikuwa sijairudisha ruhusa ya utani. Tangu Jumamosi nilikuwa naogopa kuirudisha. Nikamwambia ukweli: blanketi lilikuwa kosa langu, niliambiwa nilitoe nikaliacha kwa sababu lilikuwa linachekesha, na mtani niliyemtengeneza mimi alinionya nikacheka. Wote wale walipona kwa bahati ya dakika tano.

Mzee Kalolo alikaa juu ya ndoo. "Na nani alilichomeka?"

"Kamati."

"Mwenyekiti wa kamati nani?"

"Wewe."

"Basi," alisema.

Jioni hiyo tulifanya kikao cha wakazi, na Bi. Tulinagwe alikuja. Katika ripoti yake alikuwa amejiandika mwenyewe kwa jina, kwamba lakiri aliivunja yeye, na kwa nini. Wakubwa wake walimpa barua ya onyo na, kwenye bahasha hiyo hiyo, kibali cha majaribio cha miezi mitatu kwa jengo letu. Leseni yangu ilibaki, ila ina mhuri mwekundu pembeni. Nimeustahili.

Tulikubaliana hivi, na wakazi wote walitia sahihi, kitu ambacho mara ya kwanza sikuwaomba. Kosa litatukanwa mara mbili. Mara ya tatu hakuna tusi. Jengo litamwamkia mwenye kosa mlangoni kwake, na mimi nitaitwa hapo hapo. Na tusi la kosa moja halibadiliki: ukiligusa blanketi mara ya pili utasikia lile lile la kwanza. Vijana walinung'unika kwa hilo. Bi. Tulinagwe akawaambia, anayetaka vichekesho vipya aende akatafute mtani wake wa damu.

"Na wale wasio na watani?" mtu akauliza.

"Watatukanwa na jengo bure," alisema. Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akitania, na alionekana kama anajaribu kiatu kipya.

Asubuhi iliyofuata niliirudisha ruhusa. Nikapanda, nikasimama na spana yangu karibu na mlango mkubwa. Mzee Kalolo alikuwa ameshafika. Mikono mfukoni, koti wazi, hakuna jiko. Alisimama mbele ya ukuta kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nyuma yake majirani walijipanga kwenye ngazi, hakuna aliyekwenda kazini.

"Kalolo," jengo likasema.

"Naam."

"Jumamosi nilikuona ukishuka. Umemshika mama yako mkono, umetangulia mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote, Kalolo. Hapo ndipo nilipojua kweli wewe ni mjukuu wa babu yako. Akisikia hatari, wa kwanza mlangoni!"

Ngazi nzima ililipuka. Mzee Kalolo aliegemea ukuta kwa mikono miwili, paji la uso kwenye zege, mabega yanaruka. Alicheka muda mrefu, na mwisho wake sikujua tena kama anacheka. Kisha akaupiga ukuta kofi moja dogo, kama unavyompiga ndugu mgongoni.

"Marahaba," alisema.